Nilivyomzidi Zedekiah Umri

Jumatatu, 5 Machi 1979

Habari kubwa! Shirika letu la Ndege la Korongo limenunua ndege tatu mpya. Makapteni wanatafutwa kama sukari. Nami Mbithi, rubani msaidizi kwa miaka saba, mkazi wa Buruburu, niko tayari. Mshahara wa kapteni ni karibu mara mbili ya wangu.

Lakini nafasi iliyobaki ni moja, na kanuni ni kwamba aliyeajiriwa kwanza hupanda kwanza. Mimi na jirani yangu Zedekiah tuliajiriwa siku moja! Nimemuuliza Bi. Wakiuru, karani wa wafanyakazi, itakuwaje. Akasema mkubwa kwa umri hutangulia.

Zedekiah ananizidi miezi mitano. Mitano! Jioni nimemwona akiosha gari lake huku akipiga mluzi. Mluzi wa kikapteni.

Jumanne, 6 Machi

Nimepata njia. Nilizaliwa nyumbani, Kangundo, bila cheti. Mwaka wangu, 1943, ulikisiwa na mwalimu aliyeniandikisha shule. Mwalimu naye si binadamu? Nimekwenda kwa wakili mmoja Jogoo Road, nikaapa kwamba nilizaliwa 1941. Sahihi, muhuri, kwisha. Nimezeeka miaka miwili kabla ya chakula cha mchana, wala sikusikia maumivu.

Mke wangu Syombua hakufurahi. Aliisoma hati mara mbili, kisha akauliza, "Kaka yako mkubwa alizaliwa 1942. Sasa nani mkubwa wa nani?"

Nimemwambia mambo ya urubani ni magumu kuyaeleza.

Jumatano, 7 Machi

Ushindi! Bi. Wakiuru amepokea hati, akanitazama juu ya miwani, akanipongeza kwa kukua haraka. Jina langu sasa ni la kwanza! Zedekiah ameisoma orodha ubaoni. Baadaye akaninyang'anya mkoba wangu na kuubeba hadi kwenye ndege, akisema wazee wasaidiwe. Wivu tu.

Nimenunua utepe wa dhahabu na kushona mistari minne ya kapteni mabegani mwa shati langu. Nimeshona mwenyewe. Syombua amekataa kushika sindano.

Ijumaa, 9 Machi

Msiba! Tangazo jipya: mafunzo ya ndege hizi ni ng'ambo na ni ghali, kwa hiyo hatumwi mtu aliyevuka miaka thelathini na sita. Zedekiah ana thelathini na mitano. Mimi pia nilikuwa na thelathini na mitano, hadi Jumanne. Sasa nina thelathini na saba. Kwa kiapo!

Jumatatu, 12 Machi

Nimekwenda kwa Kapteni Wehliye, mkuu wa marubani, nikakiri yote. Hakufoka. Afadhali angefoka. Aliisukuma hati upande wangu wa meza.

"Mbithi, leo umenidanganya umri. Kesho utanidanganya mafuta yaliyobaki kwenye tangi?"

Masikio yakaniwaka. Nikamwambia mafuta, kamwe! Na ni kweli. Alifungua faili langu, akalipekua. Mwishowe akasema anajua jinsi ninavyotua, na shirika linakua, mwaka ujao zinakuja ndege nyingine mbili. Nitarudishiwa umri wangu, nikae mwisho wa orodha, na nifunge mdomo. Onyo limeingia kwenye faili.

Jioni Zedekiah amekuja kuaga kabla ya kwenda mafunzoni. Ameniletea vitabu vyake vya mtihani wa ukapteni, akasema yeye ameshavimaliza, nami zamu yangu haiko mbali. Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Tumekunywa chai hadi birika likaisha. Syombua amecheka kwa mara ya kwanza wiki nzima.

Jumatano, 14 Machi

Mungu hamtupi mja wake! Tangazo jingine: njia za Bujumbura na Kinshasa zinafunguliwa, na anatakiwa kapteni anayejua Kifaransa. Orodha haitazamwi. Umri hauulizwi!

Nimejaza fomu: nakizungumza, nakiandika, hata ndoto naota kwa Kifaransa. Usaili ni Ijumaa, mbele ya bwana mmoja kutoka Ubelgiji. Syombua bado hajui. Nina siku mbili nzima, na tayari nimeshika "bonjour". Lugha ni nini kwa mtu anayeshusha ndege uwanjani Embakasi kwenye ukungu wa Julai?

Nikikwama, nitakohoa.