Mota Yangu Iko Gairo, Nami Nimeikalia Dodoma

Haneti, Wilaya ya Chamwino

Ndugu Meneja wa Mizigo,

YAH: OMBI LA KURUDISHA MOTA YANGU GAIRO

Mimi ni Emilia Chilongani, mwenye mashine ya kusaga hapa Haneti. Hatujambo, ila mahindi tunayo na unga hatuna. Mota iliungua, nikaagiza nyingine Dar es Salaam, nanyi mkaipakia. Tangu siku hiyo mfumo wenu wa kufuatilia mizigo unanitumia meseji kila asubuhi kunieleza ilipo. Nashukuru sana. Hata watoto niliowazaa hawanijulii hali kwa bidii hiyo.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumatatu lori lenu lilifika Dodoma, nikashuhudia likishusha. Mota niliiona, ina jina langu kwa wino mwekundu. Niliikalia, maana ghala lenu halina viti. Karani wenu, ndugu Habibu, alinipa shikamoo yangu, akatazama kompyuta, akasema mzigo bado uko Gairo na hawezi kunikabidhi.

2. Nilimwomba aangalie nilichokalia. Akaangalia. Alikubali kuwa ni mota na kuwa ni yangu, ila kwenye mfumo haijafika. Jumanne ilikuwa hivyo hivyo, na Jumatano.

3. Kwa kuwa mfumo haukosei, mwenye kosa ni mota, imefika bila ruhusa. Naomba ipakiwe tena, irudishwe Gairo ikakutane na mfumo, halafu waje pamoja.

4. Kama lori hamna, basi mfumo uandike kwamba Haneti tunasaga. Kina mama wanaokwenda kusaga kijiji cha pili na ndoo kichwani, waandikwe wamesharudi. Jirani yangu Devota, mjamzito wa miezi saba, alianguka njiani juzi na unga wote ukamwagika. Mwandikeni hakuanguka. Hilo limeniuma, Meneja, sikufichi.

5. Yote yakishindikana, nipelekeni mimi Gairo. Nitasaini kwamba nimeipokea, hata nisipoiona.

Na Habibu sina ugomvi. Anaiogopa kompyuta kuliko anavyoniogopa mimi, basi.

Nisalimie wote hapo ofisini, na mfumo nao, popote unaposema upo.

Ni mimi ninayesubiri,
Emilia Chilongani

N.B. Barua hii niliipeleka Alhamisi. Habibu alipoingia ndani kutafuta muhuri wa kuipokelea, mimi na fundi wangu Yotham tukaipakia mota kwenye guta tukaondoka. Kwa haraka nikasahau kuiacha barua, ndiyo maana naituma leo. Tangu Ijumaa tunasaga, na Devota amesagiwa wa kwanza. Kwa hiyo naomba sana mfumo msiurekebishe, na Habibu asisumbuliwe. Mtu hawezi kuiba Dodoma kitu kilichoko Gairo. Hata asubuhi hii meseji imekuja kuthibitisha kwamba bado iko huko. Imebidi nitoke nje kuisoma, mashine inapiga kelele.