Soketi Tatu za Memsahibu

Jumatatu, 2 Machi 1953

Nimeanza kubandua vigae vya zamani jikoni kwa memsahibu. Ukutani nimekuta soketi tatu, vile visahani vya kuchomekea nyaya. Hazitumiki miaka mingi. Nikasema nizifukie kwa saruji, vigae vipya vipite juu, kazi iishe. Modest, fundi umeme, akang'aka! Eti umeme haufukiwi: lazima akate moto, afunge ncha za nyaya, aweke vifuniko. Maringo hayo, utadhani radi ni shangazi yake! Soketi alizozing'oa nimemwomba. Hakuuliza za nini.

Jumanne, 3 Machi

Nimemposa Mwanamkuu, binti wa Mzee Mussa. Nampenda mpaka ugali haupiti. Lakini Shaban mshonaji naye kaposa, na mzee katangaza anataka mkwe wa kisasa. Haya, kisasa hicho hapa! Soketi zote tatu nimezipachika kwenye ukuta wangu wa udongo, na vigae viwili vya memsahibu pembeni. Majirani wamejaa. Tatu, mama wa nyumba ya pili, kauliza nyaya ziko wapi. Nikamjibu zimepita chini kwa chini. Kijicho tu!

Ijumaa, 6 Machi

Balaa! Mzee Mussa kaja na kanzu yake ya Ijumaa, na pasi ya umeme aliyoletewa na mwanawe kutoka Dar es Salaam. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba huku anachomeka. Pasi baridi. Nikasema umeme wa mtaa huu umepumzika kidogo. Akasema atangoja. Na akangoja kweli! Adhana ilipokaribia akavuta waya kwa hasira. Soketi, kigae na bonge la udongo vikamfuata, na mbuzi wa jirani akachungulia tunduni. Mzee akakusanya kanzu na pasi yake. Alikwenda moja kwa moja kwa Shaban, akanyooshewa kanzu kwa pasi ya makaa. Jamani, aibu!

Jumapili, 8 Machi

Mshenga wangu karudi na posa mkononi. Mzee amesema binti yake hampi mwongo. Nimelia, sifichi. Ila Shaban naye bado hajajibiwa, kwa hiyo nafasi ipo. Na kosa nimeshaliona: udongo! Ningetumia saruji, soketi ingeng'oka wapi? Bahati nzuri memsahibu ametupa bomba la maji la zamani. Nimelipachika uani, kwa saruji safari hii, limeshika barabara. Mzee Mussa anatawadha mara tano kwa siku. Akisikia tu, atakuja mwenyewe.