Alama Nyekundu za Bondeni

Jumatatu, 13 Oktoba 2025
Nimechoka. Uzamili wa mipango miji ni wa miaka miwili, mimi niko wa nne. Dkt. Chelangat, msimamizi wangu, amesema nisipomletea mahojiano ya wakazi wa Bondeni kufikia Ijumaa, nisahau mahafali ya Desemba. Tena! Na Shangazi Khamisa, anayenilisha na kunilaza hapa Bondeni, ameshashona dera la sherehe. Majirani wananiita Profesa kwa sababu yake.

Namalwa, tuliyeanza naye darasa, alimaliza mahojiano yake zamani. Amenishauri niende nyumba kwa nyumba, nisalimie watu, ninywe chai yao. Ushauri wa mtu asiye na mpango.

Jumanne, 14 Oktoba
Nyumba za kaunti zinafanana zote! Nimebisha mlango uleule mpaka mwenyewe, Mama Sundus, akaniuliza kama nimetumwa au nimerogwa. Jua kali. Miguu inauma.

Halafu, wazo! Nitie alama kila nyumba niliyomaliza. Fundi Sitati, mpaka rangi wa mageti, alikuwa na mabaki ya nyekundu. Akauliza ni ya nini. Nikamwambia ni ya survey. Akanitazama sana, akanipa mkebe, akafunga karakana, akakimbia nyumbani. Wivu tu.

Nimeanza na kwetu, maana Shangazi nilimhoji wakati wa chai. X kubwa kando ya mlango. Nyingine nimezitia alama kabla ya kuhoji, kazi iende.

Jumatano, 15 Oktoba
Bondeni nzima iko nje. Masofa, magodoro, kuku. Mama Sundus anang'oa mabati yake. Nikauliza kuna nini. Mzee mmoja akasema, boss, tunabomolewa.

Nimesikitika. Ila bahati pia! Sura yangu ya pili inahusu ubomoaji, ina hata picha ya ukuta wenye X nyekundu. Nimepiga picha za kutosha.

Kufika kwetu, kitanda changu kiko nje. Shangazi amekaa juu yake analia. Alizaliwa nyumba hii. Nikamuuliza kwa hasira ni mshenzi gani aliyechora alama hizi. Akauangalia mkono wangu. Na mimi nikauangalia. Mwekundu mpaka kiwiko.

Alhamisi, 16 Oktoba
Nasugua kuta. Mafuta ya taa, brashi, hakuna chai. Wazee wameamua hivyo.

Nyuma yangu watu wamekaa kwa masofa yao wanasimulia kila kitu: babu ya nani alifanya kazi reli, bomba gani hupasuka, nani aliahidi vyoo akapotea. Kila kitu ninachohitaji! Nikigeuka naambiwa nisugue. Namalwa alikuja kunipa pole, akapewa kiti na kaimati, akarekodi yote. Anasema ataongeza sura. Imeniuma, jamani.

Ijumaa, 17 Oktoba
Dkt. Chelangat hakufoka. Afadhali angefoka. Alivua miwani, akauliza kama nimewahi kuisoma sura yangu ya pili. Nikamwambia naikumbuka juu juu.

Hakuna mahafali. Nimepewa eneo jipya, Ndabibi, niangalie jinsi mji unavyoingia mashambani. Shangazi amelikunja dera, akaliweka chini kabisa sandukuni. Hilo limeniumiza kuliko yote.

Jumapili, 19 Oktoba
Nimetafakari sana. Kosa nimeliona: rangi. Inatisha watu, na haitoki.

Ndabibi hakuna kuta za kuchora, ni mashamba ya watu tu. Sitabeba hata tone la rangi. Nimechonga vigingi vya mbao, vizuri mno. Kila shamba nitakalomaliza nitachomeka kimoja mpakani, na kitambaa cheupe juu kionekane kutoka mbali. Mkulima gani ataogopa kijiti?

Shangazi ameviona vigingi. Kwa mara ya kwanza tangu Jumatano amefungua mdomo: ameniuliza kama bado najua kukimbia.

Nimefurahi sana. Ameanza kunisemesha.