Pumzi Nilizomkopesha Babu

Jumatatu, tarehe 4 Agosti

Shule imefungwa, nami nimekabidhiwa Babu. Mama anashinda kazini, kwa hiyo mwenye zamu kando ya kitanda namba tano hospitalini ni mimi. Sikulalamika. Mimi nikitaka kulalamika, koo hufunga mlango na kuondoka na ufunguo.

Nimonia imelilegeza pafu lake la kulia. Mrija wa oksijeni puani. Asubuhi akaja mtaalamu wa upumuaji, mwanamke mrefu mwenye mwendo wa haraka usio na papara. Wodi nzima inamwita Dada Pumzi. Amemletea Babu kikopo cha plastiki chenye vyumba vitatu, kila chumba na mpira wake mdogo. Unavuta hewa kwa mdomo, mipira inapanda. Babu akapuliza. Akaambiwa avute, asipulize. Akapuliza kwa hasira.

Masharti: mara kumi kila saa, mipira miwili. Mimi niandike kwenye karatasi iliyotundikwa miguuni mwa kitanda. Akifika hapo, oksijeni itapunguzwa na atakaribia kurudi nyumbani. Asipofika, pafu litazidi kujikunja, na mashine itamsukumia hewa kwa barakoa ya kubana uso. Babu akataka kuiona hiyo barakoa. Akaonyeshwa. Akairudisha haraka.

Nilikuwa na swali moja: je, akishindwa na hiyo? Sikuuliza.

Jumanne, tarehe 5

Nusu mpira. Siku nzima, nusu mpira!

Kwenye kitanda cha nne kuna Mzee Tarumbeta, aliyepiga tarumbeta kwenye bendi miaka thelathini. Anapandisha yote mitatu huku anatutazama. Akamwambia Babu, mwenzangu, hicho si kijiko cha dawa, usikiogope. Babu akamjibu kwamba debe tupu haliachi kuvuma. Wakanuniana mpaka chakula cha mchana.

Baadaye Babu akageukia ukutani. Akasema polepole kwamba barakoa ile haivai. Bibi alivishwa kama hiyo, na hakuivua akiwa hai. Nilikuwa sijui. Wakati ule nilikuwa mdogo, niliambiwa Bibi amelala.

Nikakaa na maneno hayo. Kisha nikapata mpango. Mpango safi! Kwenye karatasi nikaandika: mipira miwili, mara kumi, kila saa. Sio uongo. Ni matumaini yaliyowahi kufika.

Jumatano, tarehe 6

Dada Pumzi alisoma karatasi, akainua nyusi, akasema hayo anataka kuyasikia kwa masikio yake. Balaa! Kwa bahati akaitwa upande wa pili wa pazia, kwa Mzee Tarumbeta. Akamwambia Babu aanze tu, atahesabu kutoka huko huko.

Nikanyakua kikopo. Nikakifuta kwa shati. Nikavuta mimi. Tak! Tak! Mipira miwili juu. Mara kumi. Vidole vikafa ganzi, dari likazunguka, nikashika chuma cha kitanda. Babu ananitazama tu, macho makavu.

Nyuma ya pazia Dada Pumzi akapiga makofi, akasema hongera sana baba. Babu akaitikia kwa unyenyekevu, kama msanii aliyezoea. Mzee Tarumbeta akadai kuna hila. Wivu!

Oksijeni imepunguzwa. Babu amenipa ndizi yake.

Alhamisi, tarehe 7

Niwie radhi kwa mwandiko, kiganja kinauma.

Asubuhi Dada Pumzi alisema mapafu yanayovuta hivyo yanaweza kumfikisha mzee dirishani bila mrija. Hatua kumi na mbili. Kwenye ya saba Babu akasimama. Midomo ikawa rangi ya majivu. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni kilikuwa tisini na nne, kikasoma themanini na tatu. Nikafungua mdomo kuita. Hakuna kitu. Aliyeita ni Mzee Tarumbeta, kwa sauti iliyotikisa vioo.

Wakamrudisha kitandani, mrija puani. Daktari akaja. Dada Pumzi akamwonyesha karatasi yangu. Kifua chenye nguvu hivi hakianguki ghafla, alisema, labda damu imeganda ndani ya pafu. Wakaanza kupanga apelekwe kwenye vipimo vikubwa, na dawa kali ya kuyeyusha damu ianze mara moja. Walikuwa wanatafuta ugonjwa ambao nimeuandika mimi.

Shuleni najua kuomba radhi kwa lugha mbili. Pale hata moja haikuja. Nikamvuta Dada Pumzi mkono wa koti. Akageuka. Nikasema: "Mipira nilivuta mimi."

Ndiyo sentensi yangu ya kwanza kwake tangu Jumatatu.

Hakufoka. Afadhali angefoka. Akasema: mimi nikitoka kwenye chumba hiki, karatasi hiyo ndiyo macho yangu, na wewe umenipofusha. Kisha akaenda kuleta barakoa.

Babu aliitazama muda mrefu. Akasema haya, mjukuu, nishike. Aliivaa kwa muda wa saa mbili nzima. Kucha zake bado zimechora kiganja changu. Halafu akaivua. Mwenyewe, kwa mkono wake.

Ijumaa, tarehe 8

Nusu mpira. Nikaandika nusu.

Dada Pumzi amenifundisha kumpigapiga Babu mgongoni, kiganja kimekunjwa kama bakuli, makohozi yalegee. Babu anakumbatia mto, anakohoa, anatukana kidogo. Mzee Tarumbeta akatoa siri ya wapiga tarumbeta: pumzi haianzi kifuani, inaanza tumboni. Babu akasema ushauri wa debe hautaki. Akaufuata pazia lilipofungwa.

Saa kumi: mpira mmoja. Wa kwake! Nililia chooni.

Alhamisi, tarehe 14

Mipira miwili, ya halali, siku ya tatu mfululizo. Dirishani na kurudi, tisini na tatu. Kesho Babu anakwenda nyumbani!

Dada Pumzi akaniambia nina mkono mzuri wa kazi hii. Nikitaka kuisomea, niende ofisini kwake kabla hajatoka, ataniandikia barua ya kunitambulisha chuoni. Bure, kwa furaha.

Nilifika mlangoni. Nikasikia anacheka na mtu ndani. Nikasoma kibao cha mlangoni mara ishirini. Nikarudi.

Barua nimeiandika mwenyewe, hapa mezani, kwa lugha zote mbili ili iwe na uzito. Inasema mwanafunzi huyu ni mkweli kupita kiasi na rekodi zake zinaaminika. Sahihi yake imenishinda mara nne. Ya tano hata Dada Pumzi angedhani ni yake. Sikuona haja ya kumsumbua. Ana wagonjwa wengi, na lazima mtu amfikirie.