Fyuzi ya Kumi na Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji kaja kula. Kakalia kiti changu. Ni fundi umeme, basi dada yake, mke wangu, humsikiliza kama taarifa ya habari. Kasema birika letu lina wati elfu mbili na mia nne. Gawa kwa volti mia mbili na arobaini, unapata ampea kumi, ndiyo maana plagi yake ina fyuzi ya ampea kumi na tatu. Nikasema fyuzi kubwa ndiyo inayokula umeme. Akatabasamu. Alimtazama mke wangu, si mimi.

Jumanne, 4 Machi
Nimetia fyuzi ya ampea tatu kwenye birika ili kubana matumizi. Maji hayakupata hata uvuguvugu. Fyuzi ikakatika, birika likazima. Mke wangu kasema fyuzi haipunguzi umeme. Ni mlinzi, mzigo ukimzidi hukatika yeye ili waya upone. Maneno ya kaka yake hayo, neno kwa neno. Fahali wawili hawakai zizi moja.

Jumatano, 5 Machi
Nimewaza. Kama fyuzi ndogo inadhoofisha, kubwa itatia nguvu. Cherehani ya mke wangu husuasua kwenye vitambaa vizito. Wati mia moja tu, hata nusu ampea haifiki. Fyuzi yake ya tatu. Alipotoka kununua uzi nikatia ya kumi na tatu. Ijumaa anakabidhi gauni la harusi. Atajua fundi ni nani.

Ijumaa, 7 Machi
Cherehani ilikwama kwenye pindo. Mota ikanguruma bila kuzunguka, ikaungua ndani. Fyuzi ya tatu ingekatika. Ya kumi na tatu ilitazama tu. Waya ukayeyuka juu ya gauni.

Mke wangu hakupiga kelele. Alizima swichi ukutani, akafungua plagi kwa bisibisi, akaikodolea macho ile fyuzi. Akauliza kama ni mimi. Nikasema labda walikosea kiwandani. Bibi harusi alipofika alikaa sakafuni na gauni mapajani, akalia.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kahamia kwa kaka yake. Anashona gauni upya kwa cherehani ya kuazima. Shemeji kaja kuchukua vitambaa. Hakunikemea. “Shemeji,” kasema, “umeme hauna utani.” Heri angenitukana. Nimekula peke yangu, nimesimama.

Jumapili, 9 Machi
Nimejihoji bila kujipendelea. Kosa nimeliona: niliishia kumi na tatu.

Jirani analalamika fyuzi ya friji lake inakatika kila siku. Nimemwambia asihangaike na mafundi. Nimekata msumari, nimeupima, unakaa sawasawa mahali pa fyuzi. Huo haukatiki. Kaniita mtu wa maana. Nimemwomba amwambie hivyo mke wangu wakionana.