Kamba ya Nyangumi Ilipopita Bafuni

Rafiki zangu wa Iringa,

Leo nimeaibika mbele ya ukoo mzima, na sijutii. Nawaandikia mapema, kabla hamjaisikia kwa watu wanaoongeza chumvi.

Mnajua mume wangu amefariki, na mnajua alifanya kazi Afrika Kusini. Mkataba wake wa mgodini ulipoisha alishuka pwani, akaajiriwa mahali wanapovuta nyangumi nchi kavu. Pale palikuwa na mtaalamu, Mzungu, aliyepima kila nyangumi kabla hajakatwa. Mume wangu alimshikia kamba. Aliporudi alituambia kwamba nyangumi si samaki. Anapumua hewa, anazaa, ananyonyesha. Umri wake unahesabiwa kwa matabaka ya nta iliyo ndani ya sikio, kama ninyi mnavyohesabu miduara ya gogo kule Mafinga.

Huku kwetu samaki mkubwa tunayemjua ni mbasa wa ziwani. Basi watu walicheka mpaka wakalia. Wakamwita Baba Nta. Baba yake mzazi hakucheka. Alisema tu, "Mwanangu amerudi mwongo."

Leo ilikuwa siku ya kuondoa matanga. Mwalimu wa kanisa aliandaa historia ya marehemu, isomwe kwenye ibada na kuwekwa kanisani. Akanisomea kwanza mimi. Alizaliwa, akabatizwa, akaenda mgodini, akarudi, akaoa.

"Na nyangumi?" nikauliza.

Mwalimu akakunja karatasi. "Mama Tumaini, mzee, baba wa marehemu, ameagiza ule mstari utolewe. Hataki uongo usomwe madhabahuni."

Mimi si mtu wa maneno. Tangu msiba sijasema hata sentensi kumi. Lakini hapo niliingia ndani nikatoka na kamba.

Kamba hiyo aliikata mume wangu siku walipompima nyangumi mkubwa kuliko wote. Ina urefu uleule, na kila hatua moja ina fundo. Mafundo ishirini na saba.

Shemeji yangu Ambokile akaangua kicheko. "Shemeji, hata mimi nina kamba ya kufungia ng'ombe. Je, ng'ombe wangu ana urefu huo?"

(Kusema kweli, hoja yake ilikuwa nzuri.)

"Shika kichwa," nikamwambia.

"Kichwa cha nani?"

"Cha nyangumi. Simama hapo kwenye nguzo ya baraza, usisogee."

Sasa nielezeni, ningefanyaje? Mume wangu alinifundisha jinsi yule mtaalamu alivyopima. Kamba haifuati tumbo wala mgongo. Inanyooka moja kwa moja, kuanzia ncha ya pua hadi penye pengo la mkia. Ikipinda, imedanganya. Na anayeshika mkia hurudi kinyumenyume, macho kwa mwenzake, ili aone kama imenyooka.

Nikaanza kurudi kinyumenyume.

Fundo la tano, kuku wakakimbia. La tisa, nikapita katikati ya mafiga, wapishi wakainua sufuria huku wakinitukana. La kumi na nne, watu wakaanza kuhesabu kwa sauti. La ishirini, kicheko kilikwisha. Niliwaona wakimtazama Ambokile kule mbali, kisha wakinitazama mimi.

"Ishirini na mbili! Ishirini na tatu!"

Mgongo wangu ukagusa uzio wa matete.

"Pinda, Mama Tumaini!" wanawake wakapiga kelele. "Pinda! Pinda!"

Nilidhani wanauonea huruma uzio. "Sipindi!" nikajibu, nikasukuma kwa nguvu zangu zote.

Uzio ukalala chini, nami juu yake, kiwiko kwenye ndoo ya maji. Nikainua macho. Baba mkwe wangu alikuwa anaoga, akijiandaa kwa ibada.

Ninyi wa Iringa labda hamjui ukubwa wa jambo hili. Kwetu Wanyakyusa mke wa mtoto hatazamani na baba mkwe. Akipita njiani, ninaingia kwenye migomba. Hatusemeshani. Miaka tisa ya ndoa sijawahi kuuona uso wake. (Na leo pia sikuuona, ulikuwa umejaa povu. Vingine vyote nimeviona.)

"Tata, nguo! Vaa nguo!" Ambokile alimpigia baba yake kelele kutoka penye pua ya nyangumi. Hakuthubutu kuachia kamba.

Nikajifunika kichwa kwa kitenge. Nikaketi hapohapo kwenye matope. Kamba sikuiachia. Nilisikia mtoto wa mtu akizibwa mdomo.

Kisha nikasikia sauti ya mkwe wangu, akiwaambia wengine, maana mimi hawezi kuniambia.

"Mwambieni huyo mwanamke, kamba imeisha?"

Nikasema ndani ya kitenge, "Mwambieni mzee, bado mafundo manne."

Akavuta pumzi. "Mwambieni amalize."

Nikamaliza! Nikainuka nimelowa, nikarudi kinyumenyume huku nachungulia chini ya kitenge, nikapita alipokuwa amesogea kunipisha, nikauangusha na uzio wa upande wa pili (kwa kuwa nao ulikuwa njiani), nikaishia kwenye migomba. Ishirini na saba. Imenyooka kama mstari wa daftari.

Mzee alitoka amejifunga shuka. Akatembea kandokando ya kamba, akigusa fundo moja moja, povu bado shingoni. Alipofika barazani akamwita mwalimu.

"Andika ule mstari."

"Na la kunyonyesha, mzee? Na la nta ya sikio?"

"Yote. Mtu hafungi mafundo ishirini na saba kwa ajili ya uongo." Akajifuta povu shingoni. "Mwanangu hakuwa mwongo. Mimi ndiye niliyekosea. Andika, kabla sijapata baridi."

Historia ikasomwa. Hakuna aliyecheka.

Sasa wanawake wanasema nitoe kuku wa kuomba radhi. Nitatoa. Wanasema pia nione haya kwa mwezi mzima. Ninaona haya, lakini si mwezi mzima, nina kazi shambani.

Nawaomba msicheke. Na kama mmeshacheka, basi jueni hili: uzio wote nitausuka upya Jumatatu, lakini ule mstari haung'oki.