Faili ya Mama Moraa, Kabati la Pili

Wenzangu wa bwenini, nimeaibika asubuhi ya leo, na nawaandikia kabla hamjasikia kwa watu wa Nyamira.

Mnajua niliajiriwa ofisi ya ardhi. Mwezi uliopita Bwana Afisa alinipa kazi. Masjala ya Kisii na masjala ya Nyamira haziandiki namba za faili kwa namna moja, basi niandike mwongozo ambao karani yeyote ataelewa. Niliandika kurasa tatu. Nilieleza kwamba 2/3/5 ni kabati la pili, droo ya tatu, faili ya tano. Nilieleza hata kwamba nyota ikikaa mahali pa namba, maana yake ni "yoyote". (Mama Bosibori, karani wa Nyamira, alidhani nyota zangu ni uchafu wa stensili ya kurudufia. Alizifuta zote.)

Kama Nyamira wanasoma vingine, sikuuliza. Mimi, ninayehoji hata sala ya chakula!

Leo tumekwenda Nyamira. Kamati ya mipaka imekaa, wazee watano, kusikiliza shauri la Mama Moraa. Jirani amepanda migomba ndani ya shamba la mama huyu, na sasa analeta miche ya chai. Chai ikishika haing'olewi kwa maneno. Bila faili, shauri linaahirishwa. Mama Moraa alikuwa na kikaratasi alichoandikiwa na Mama Bosibori: 2/3/5.

"Ngoja nikutolee," akasema Mama Bosibori, akiweka chini sweta aliyokuwa akifuma.

"Keti tu, mama," nikamwambia. "Leo mwongozo ndio unaofanya kazi."

Kabati la pili. Droo ya tatu. Faili ya tano. Nusu dakika! Nikamkabidhi Bwana Afisa bila kuifungua (mwenye uhakika hafungui).

Akavaa miwani, akasoma kwa sauti. "Mzaliwa wa Kiogoro. Hajaoa."

Wazee wakamgeukia Mama Moraa.

"Hajaoa?" mmoja akauliza.

"Nina wajukuu sita," akajibu Mama Moraa.

Bwana Afisa akaendelea, maana yeye haachi ukurasa katikati. "Daktari alimkuta na minyoo. Anajieleza kuwa hodari wa kupanga mambo."

Akafunua. Picha yangu. Ile ya tai ya kuazima. (Nilianzia kazi Nyamira, wiki mbili tu, kabla ya kuhamishiwa Kisii. Faili yangu ya ajira ilibaki huko.)

Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka.

Mama Bosibori akaenda kabati la tano, droo ya tatu, akatoa faili ya pili. Ya Mama Moraa.

"Sisi tunaanza na faili yenyewe," akasema. "Wewe ukijitambulisha kwa wazee unaanza na nani? Si jina lako, halafu baba, halafu babu, ndipo ukoo? Au huko chuo kikuu mlikuwa mnaanza na ukoo?"

Nikaukunja mwongozo wangu, nikautia mfukoni.

Shauri limesikilizwa. Migomba inahama, na miche ya chai haiingii. Mlangoni Mama Moraa akanishika mkono, uso umejaa huruma.

"Mwanangu, ile minyoo iliisha?"

Nikamwambia iliisha.

Mwongozo nauandika upya. Ukurasa mmoja, na mstari wa kwanza unasema uanzie upande gani. Nilitaka kuwaomba barua hii muisome kutoka mwisho na muiachie njiani, lakini naona mkianzia upande wowote mtakutana na minyoo.